Nyama chungu, macho yanawasha: kusaka kosa kwenye peleti za kuchomea nyama

Wengi wanaoniuliza kuhusu majiko ya peleti, yaani majiko ya kuchomea nyama yanayokula vijiti vidogo vya unga wa mbao ulioshindiliwa, ni watu waliokaa Marekani, wakalizoea jiko lile la uani, kisha wakalipakia kwenye kontena pamoja na friji na magodoro wakati wa kurudi nyumbani. Jiko linafika salama. Mifuko miwili mitatu waliyokuja nayo inaisha, wanatafuta peleti za hapa, na baada ya wiki moja napigiwa simu: nyama chungu, moshi mzito, jirani analalamika.

Peleti huku zipo. Zinauzwa kwa ajili ya majiko banifu, na mifuko mingi huandikwa "peleti za kupikia". Mtu akisoma "kupikia" anaridhika. Lakini anayetumia jiko banifu ameinjika sufuria yenye mfuniko. Moshi unapita pembeni na maharage hayajui lolote. Kwenye jiko la kuchomea nyama, moshi ni kiungo kama chumvi. Kilichokuwamo kwenye mbao kinapanda na kulala juu ya nyama kwa saa sita, nane, hata kumi. Karibu kila tatizo la usalama nililowahi kuliona lilianzia kwenye neno hilo "kupikia".

Kwa ambaye hajaliona: upande mmoja kuna sanduku la peleti, chini yake parafujo ndefu inayozunguka na kuzisukuma hadi kwenye kikombe cha moto, na feni inayopuliza hewa. Kidude cha umeme ndicho kinachowasha. Mfumo huu ulibuniwa jimbo la Oregon, Marekani, na Joe Traeger, aliyepata hataza mwaka 1986. Peleti zenyewe zilikuwapo kabla yake, kwa ajili ya kupasha nyumba joto wakati wa baridi. Ni unga wa mbao ulioshindiliwa kwa nguvu hadi ukapata joto kali, na lignini iliyomo kwenye mbao ikawa gundi. Peleti safi haihitaji gundi nyingine.

Na tusichanganye peleti na paleti. Paleti ni lile jukwaa la mbao la kubebea mizigo bandarini. Tutalirudia, maana paleti iliyosagwa hugeuka peleti.

Kichwa kinauma, kichefuchefu, watu wanasinzia

Hili linatangulia yote. Kama jiko linawaka kwenye gereji, baraza iliyozibwa au turubai la shughuli lililofungwa pande zote, na watu zaidi ya mmoja wanaumwa kichwa, acha habari za peleti. Hiyo ni kaboni monoksaidi, ile hewa inayoua watu wanaolala na jiko la mkaa chumbani. Haina harufu. Toa watu wote nje, wahesabu, na aliyezimia au anayeongea ovyo apelekwe hospitali hata kama amezinduka. Usirudi ndani kuokoa nyama.

Ambacho wengi hawakijui ni kwamba peleti hutoa hewa hiyo hata zisipowaka. Ulaya watu wamekufa kwa kuingia kwenye stoo kubwa za peleti zisizo na madirisha. Mifuko mitatu jikoni haitakudhuru. Tani nzima kwenye chumba kisicho na hewa ni habari nyingine, hivyo acha mlango wazi kwanza.

Macho yanawasha, koo linakereketa, harufu ya rangi, gundi au plastiki

Anza na sababu nyepesi, kwa sababu ndiyo ya mara nyingi: jiko ni jipya. Bati na rangi yake vina mafuta ya kiwandani. Liwashe tupu kwa joto la juu dakika 45 hadi saa nzima, bila chakula. Harufu ikiisha na isirudi, umemaliza.

Jiko likiwa la zamani, angalia kama kuna kitu kimedondoka. Nimekuta kipande cha mfuko wa peleti ndani ya sanduku mara mbili, na mara moja kifuniko cha chupa ya soda. Toa peleti zote, pitisha mkono, tazama na chini ya sinia la mafuta.

Hakuna kitu? Sasa mshuku aliyebaki ni peleti.

Nyingi za bei rahisi hutokana na unga uliokusanywa kwenye karakana za maseremala. Seremala wa siku hizi anapasua mninga asubuhi, mchana MDF, jioni plaiwudi, na vumbi lote linaingia gunia moja. MDF ni ubao wa nyuzinyuzi za mbao zilizogandishwa kwa gundi yenye fomaldehaidi. Changanya na vanishi ya makabati yaliyopigwa msasa, halafu weka kuku juu yake.

Kibaya kuliko hicho ni mbao zilizotiwa dawa. Mnazijua zile mbao za kijani za kuezekea, na nguzo za umeme. Dawa inayotumika sana kwenye mbao za namna hiyo, CCA, ina kromu, shaba na aseniki. Mchwa hawaigusi kwa sababu hiyo hiyo. Marekani iliacha kuitumia kwenye mbao za matumizi mengi ya nyumbani mwishoni mwa 2003. Ikiungua, aseniki haiteketei: nyingine huondoka na moshi, nyingine hubaki kwenye majivu.

Halafu zile paleti. Za safari za kimataifa zina muhuri wenye suke la ngano na herufi. HT maana yake zilipashwa moto hadi nyuzi 56 za Selsiasi kwa dakika 30 kuua wadudu, hakuna kemikali. MB maana yake zilifukizwa kwa methili bromaidi, gesi ya sumu. Hata ya HT mimi siitumii, kwa kuwa muhuri unasema ilivyotibiwa kabla ya safari na hausemi nini kilimwagika juu yake njiani.

Mtwara na Lindi kuna jambo lao: maganda ya korosho. Yanawaka vizuri sana, lakini mafuta yake yanababua ngozi, na wabanguaji wanajua moshi wake unavyofanya macho. Peleti au mkaa wa maganda hayo usiuweke chini ya nyama iliyo wazi.

Vipimo vya nyumbani, kwa mpangilio:

- Nusa kiganja cha peleti kavu. Peleti safi inanukia mbao, au hainukii kabisa. Ikinukia tina, dizeli au rangi, funga mfuko.
- Tumbukiza kumi kwenye glasi ya maji ya uvuguvugu. Nzuri zinavimba na kuwa unga baada ya dakika chache, maji yanakuwa kama chai hafifu. Ukiona utando wa mafuta wenye rangi za upinde wa mvua, chembe za plastiki au vipande vya karatasi ng'aavu ya makabati, zimekwisha hizo.
- Pitisha sumaku kwenye majivu yaliyopoa. Ukinasa vipande vya misumari au pini za stepla, mbao ilikuwa ya ubomozi. Jiko lenye kutu nalo litatoa vumbi linalonasa, kwa hiyo tafuta vipande vyenye umbo.

Hakuna kati ya vipimo hivi kinachoonyesha aseniki. Peleti iliyofaulu vyote bado inaweza kuwa ya mbao za dawa, ndiyo maana asili ya unga ina uzito kuliko glasi ya maji.

Simama hapa: harufu ya kemikali ikitokea wakati wa kuchoma, zima jiko na tupa chakula. Usikioshe, usikichemshe, usimpe mbwa. Majivu yaloweshe kidogo yasipeperuke, yafunge kwenye mfuko, na yasiende kwenye bustani ya mchicha. Aliyevuta moshi huo akibanwa kifua au akitapika, mpeleke hospitali na ubebe kiganja cha peleti zenyewe. Marekani kuna simu ya bure ya kituo cha sumu, 1-800-222-1222.

Nyama chungu, ulimi unakufa ganzi, juu kuna utando mweusi unaonata

Huo utando ni kreosoti, yaani moshi ambao haukuungua ukaisha. Mara nyingi peleti hazina kosa. Kikombe cha moto kimejaa majivu, hewa haipiti. Kisafishe kila baada ya kupika mara mbili tatu. Kwa peleti za huku, kila mara.

Ikiwa kikombe ni safi, uliza ulianza lini kuweka nyama. Dakika kumi za kwanza moshi ni mweupe na mchafu kwenye jiko lolote. Subiri hadi uwe mwembamba wa samawati, karibu hauonekani. Watu wetu wamezoea kuamini kwamba moshi mwingi ndiyo ladha nyingi.

Sababu ya tatu ni aina ya mti. Peleti nyingi za majiko banifu ni za msonobari, na haishangazi: shamba kubwa la miti ya kupandwa Tanzania, Sao Hill huko Mufindi, ni la misonobari na mikaratusi. Msonobari una utomvu, na utomvu ukiungua unatoa masizi na uchungu. Mkaratusi una mafuta yake yenye harufu ya dawa ya kifua. Kwa kuchemshia maharage ni kuni safi tu. Kwa kuchomea nyama, tafuta za mbao ngumu zisizo na utomvu: migunga, mpera, mchungwa. Kwenye mifuko ya Marekani utaona mwaloni, hikori, mtufaha, mcheri.

Nao Wamarekani wana ujanja wao. Mfuko ulioandikwa "mcheri" mara nyingi una mwaloni au alda kwa wingi na mcheri kidogo, na mwingine ni mwaloni ulionyunyiziwa mafuta ya ladha. Si sumu, lakini usilipe bei ya mcheri. Tafuta maandishi madogo yanayosema ni asilimia 100 ya mti uliotajwa.

Sababu ya mwisho ni mafuta ya nyama yanayodondokea motoni. Hilo na moshi mchafu vinazalisha kemikali za jamii ya benzopireni, zinazohusishwa na saratani. Umoja wa Ulaya umeweka kikomo cha kawaida cha mikrogramu 2 za benzopireni kwa kilo moja ya nyama au samaki wa moshi. Huwezi kupima nyumbani. Unachoweza ni kuweka sinia la mafuta mahali pake, kulibadilisha karatasi ya foili, na kubandua sehemu nyeusi inayonata badala ya kuisifia kuwa imeiva.

Moshi mweupe mzito usiokatika

Kwa jiko lililobaki Marekani, jibu karibu daima ni unyevu au majivu. Kwa jiko lililorudi na kontena, mimi huuliza kwanza: umechomeka wapi?

Jiko la Marekani limetengenezwa kwa volti 120. Tanzania tuna 230, Kenya 240. Ukilichomeka moja kwa moja umeunguza kontrola, ule ubongo wa umeme wa jiko, na hutahitaji kuendelea kusoma. Wengi wanajua hilo, wananunua transfoma ya kushusha umeme. Wasichokijua ni kwamba transfoma inashusha volti na haigusi hezi, yaani mizunguko ya umeme kwa sekunde. Marekani ni hezi 60, kwetu 50. Feni na mota za aina ya zamani huzunguka polepole kwa hezi 50, takriban moja ya sita chini ya kasi yake. Hewa inapungua, moto unadorora, moshi unakuwa mweupe, na mwenye jiko analaumu peleti. Nilihangaika na hili miezi miwili, nikibadilisha mifuko kama nguo. Majiko mapya yenye feni ya DC, yaani ya umeme wa mkondo mnyoofu, hayana shida hiyo.

Fuata hivi: angalia kibandiko nyuma ya jiko kwa volti na hezi. Angalia uwezo wa transfoma. Kidude cha kuwashia hula wati 200 hadi 300 peke yake, hivyo usinunue ya chini ya wati 500. Kisha, kama kontrola inaruhusu, punguza kasi ya kulisha peleti ilingane na hewa iliyopo. Nairobi, Arusha na kwingine kwenye miinuko hewa ni nyepesi, nako husaidia kupunguza. Kubadilisha feni au kugusa nyaya ni kazi ya fundi umeme. Transfoma ikiwa ya moto hadi huwezi kuishika, chomoa.

Peleti zenye unyevu nazo hutoa moshi wa namna hii, ila utazigundua kabla hazijafika motoni.

Parafujo imekwama, moto unazimika, sanduku limejaa unga

Vunja peleti moja kwa vidole. Nzuri inakatika kwa mlio, na uso wake unang'aa kidogo. Ikikunjika au kusagika kimya, imelewa maji. Peleti bora ina unyevu usiozidi asilimia 10. Hewa ya Mombasa, Tanga au Zanzibar wakati wa masika haiwezi kukuachia hali hiyo kwenye mfuko wa karatasi uliofunguliwa. Zihifadhi kwenye ndoo yenye mfuniko wa kubana, juu ya kichanja, mbali na ukuta. Usiziache ndani ya sanduku la jiko wiki nzima. Zikilowa humo huvimba kwenye parafujo na kukauka kama saruji.

Ukungu? Tupa. Kuzianika juani kunazikausha lakini ukungu unabaki, na haufai kuwa moshi wa chakula.

Kukwamua: chomoa umeme, toa peleti, vuta unga kwa mashine ya vumbi baada ya jiko kupoa kabisa. Parafujo isipozunguka kwa nguvu ya mkono, usiipige nyundo. Mpe fundi aifungue.

Majivu mengi, madonge magumu kama kioo

Kipimo cha Ulaya cha ENplus daraja A1 kinataka majivu yasizidi asilimia 0.7. Kwa mfuko wa kilo 15 hiyo ni takriban gramu 100, kiganja tu. Ukitoa bakuli zima, kuna magome mengi, mchanga uliofagiliwa pamoja na unga, au peleti ni za pumba za mpunga. Pumba huacha kama moja ya tano ya uzito wake kuwa majivu. Jiko banifu linavumilia. Kikombe kidogo cha jiko la kuchomea kinaziba kabla wali haujaiva.

Ila ENplus ni alama ya peleti za kupasha nyumba joto. A1 inakuhakikishia mbao haikutiwa kemikali. Bado yaweza kuwa msonobari mtupu.

Moto unarudi kwenye sanduku, au jiko linalipuka "buf"

Mlipuko mdogo hutokea hivi: moto ulizimika bila wewe kujua, peleti zikaendelea kujaa kikombeni, halafu zikaanza kufuka. Chemba inajaa moshi mzito wa manjano. Ukifungua mfuniko wakati huo, hewa inaingia na moshi wote unawaka usoni mwako. Ukiona moshi wa namna hiyo usifungue. Zima, chomoa kama unaweza kufika bila kuinamia jiko, rudi nyuma, subiri lipoe. Kisha mwaga kikombe kabla ya kuwasha tena.

Moto wa mafuta: mfuniko ufungwe, umeme uchomolewe, maji yasiguse. Moto ukipanda kwenye sanduku la peleti, au usipotulia kwa mfuniko uliofungwa, huo si wako tena. Zimamoto Tanzania ni 114, Kenya 999, Marekani 911.

Nyama haina ladha ya moshi

Si hatari. Jiko la peleti lina moshi mpole kwa asili yake, na joto likiwa juu moshi unapungua. Anza kwa nyuzi 100 hadi 110 za Selsiasi saa ya kwanza, kisha pandisha. Kuku aive hadi nyuzi 74 ndani, nyama ya kusaga 71.

Hatari ni dawa wanayojitibia watu: wanatupia kuni yoyote iliyo karibu. Usitie matawi ya uzio. Mnyaa una utomvu unaopofusha, na oleanda, ile ya maua ya waridi mbele ya mahoteli, ni sumu kila sehemu yake.

Dukani

Mimi humuuliza muuzaji hivi. "Kaka, unga wa peleti hizi umetoka wapi?"

"Kiwandani."

"Kiwanda cha nini? Cha kupasua magogo au cha samani?"

Hapo ndipo utakapojua. Anayejua atakutajia kiwanda cha mbao, aina ya mti, hata mkoa. Asiyejua atakuambia, "Bosi, hizi zinawaka vizuri, kila mtu ananunua." Mwezi uliopita mmoja alinijibu kwa uaminifu, "Mzee, ni msonobari wa Mafinga, magogo matupu, hakuna dawa. Lakini kwa nyama sikushauri." Nikachukua mifuko miwili kwa jiko banifu la nyumbani. Nyama ya Jumapili nikaichoma kwa kuni za mpera.